Mzizi wa Yungiyungi Siku za Eda

Harufu ya siki inayochemka na sukari hunirudisha Aija, ng'ambo ya mji wa Sur, pwani ya Uarabuni, mwaka aliofariki baba. Mama alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi za kutotoka nje. Mimi nilitoka kwenda skuli tu. Nikirudi, mlango ulifungwa nyuma yangu, tukabaki mimi, mama na bibi mzaa baba, madirisha yamefungwa, joto na moshi wa udi vimetujaa kifuani. Chakula mama alikionja, akakisukuma.

Jirani yetu alikuwa Mjapani, Bi Haruko, mke wa mhandisi wa mtambo wa gesi. Tulizoea kumwona dirishani kwake, akitazama njia, haendi popote.

Alasiri moja alibisha hodi, kajitanda mtandio upande upande, bakuli mkononi. Ndani mlikuwa na vipande vyeupe vya mviringo, vina matundu kama chujio, vikinuka uchachu.

"Muulize kama kuna pombe," bibi akaninong'oneza.

Nikauliza kwa Kiarabu. Akatikisa kichwa. "Khal, sukkar." Siki na sukari. Kisha akatuonyesha ua lililochorwa ubavuni mwa bakuli, akateremsha kidole kufuata shina mpaka chini kabisa, kwenye tope.

"Kumbe ni nduguye yungiyungi," bibi akasema. "Kwetu Unguja yakijaa mabwawani. Maua tukichuma, lakini mizizi hatukuwahi kuila."

Bi Haruko akachukua kipande, akakiweka jichoni, akamtazama mama kupitia tundu. "Bakir," akasema. Kesho. Kwa Kiarabu kidogo na mikono mingi akatueleza kuwa kwao, mwaka mpya ukiingia, hula mzizi huu ili waone yaliyo mbele.

Mama naye akachukua kimoja. Akachungulia, akakitia kinywani, kikalia karakacha. Akachukua cha pili.

"Kinataka pilipili," akasema. Bibi akainuka upesi kwenda kuileta, akijifuta macho kwa leso.

Eda ilipokwisha, mama hakwenda sokoni wala mjini Ibra kwa dada zake. Alinishika mkono tukaenda kwa Bi Haruko. Mwenyewe alipofungua mlango na kutuona, alilia mpaka akaketi kizingitini.

"Kafiwa na nani?" nikamuuliza mama.

"Hajafiwa," mama akajibu, akaketi naye palepale chini.

Sikuelewa mpaka nilipoolewa, nikamfuata mume wangu mji nisiojua mtu wala lugha. Mama alipofungiwa, ukoo mzima ulijua siku atakayotoka. Bi Haruko hakuna aliyewahi kumuuliza siku yake ni lini.