Kumfuata Eliwaza Irente

Nilikwenda Lushoto kwa sababu moja tu: mwenzangu wa uwanjani alikuwa amezima simu. Kocha aliniita baada ya mazoezi akasema, "Zuhura, kamlete Eliwaza. Mashindano ni mwezi ujao, na peke yako huwezi kucheza mchezo wa wawili wawili." Nikamjibu kwamba hata tukiwa wawili, mara nyingi ilionekana kama hakuna mtu uwanjani. Hakucheka. Kocha wetu akishavaa traksuti yenye bendera ya taifa, hacheki tena mpaka aivue.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kutusikia, na najua ndio wengi: mimi na Eliwaza tunachezea timu ya taifa ya badminton, yaani mpira wa vinyoya. Rekodi yetu ya kimataifa ni nyepesi kukumbuka. Tumekwenda, tumefungwa, tumerudi. Tumefungwa na visiwa ambavyo ilibidi tuvitafute kwenye ramani. Tumefungwa na dada wawili waliokuwa wakijadiliana habari za chakula cha jioni huku mchezo unaendelea. Safari ya mwisho ilibaki pointi moja tu tushinde seti, ya kwanza tangu tuanze kucheza pamoja. Eliwaza akaanzisha, kinyoya kikaenda moja kwa moja kwenye wavu. Kuanzia hapo tuliporomoka kama gunia la viazi lililokatika kamba. Siku chache baadaye aliaga kwamba anakwenda kumsalimia mama yake, na hakurudi.

Jumamosi alfajiri nilipanda basi Dar es Salaam, raketi zangu zikiwa mgongoni. Mama mmoja aliyekaa kando yangu alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hizo zinakaa na chaji muda gani?"

Alidhani ni zile raketi za umeme za kuulia mbu. Nikamweleza kwamba hapana, ni za mchezo, na kwamba mimi nachezea taifa. Akanishika mkono kwa huruma ya kweli. "Pole, mwanangu," akasema, na kuanzia pale mpaka Segera alinilisha mahindi ya kuchemsha kama mgonjwa.

Mombo tulifika mchana, jua likiwa limekaa juu ya paa la basi. Hapo barabara inaacha tambarare na kuanza kupanda. Mlima unasimama mbele yako kama ukuta, na ukitazama huoni gari litapitia wapi, lakini linapita. Kona baada ya kona, mwamba upande huu, bonde upande ule, na dereva wetu alikuwa anasimulia habari za harusi ya shemeji yake huku ameachia mkono mmoja. Tulipofika Soni hewa ilikuwa imebadilika. Watu walifunga madirisha. Mimi, mtu wa Dar, nilitoa traksuti ya taifa nikaivaa, na hiyo ndiyo faida kubwa niliyowahi kuipata kutoka kwake.

Lushoto mjini nilichukua bodaboda hadi Irente, tukipita vibustani vya karoti na kabichi vilivyobandikwa ubavuni mwa mlima. Tuliwapita wageni wa Kizungu wakirudi kutoka kwenye jabali la kutazamia tambarare, nyuso nyekundu, mikononi wameshika jibini na jamu. Nyumba ya kina Eliwaza iko mbele kidogo. Baba yake, Mzee Yonathani, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, alikuwa uani akipanga kuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi!" akanisalimu kwa Kisambaa. "Wewe ndiye Zuhura? Mama Eliwaza, njoo! Mwenzake wa timu ya taifa huyu hapa!"

Nilipokelewa kama waziri. Mama alinikumbatia. Wakamwita jirani yao Mwislamu aje kuchinja kuku, ili mgeni ale bila wasiwasi. Majirani wawili watatu walipita kunishika mkono na kuniambia hongera. Mimi nikaitikia asante, nikidhani wananipongeza kwa kupanda mlima.

Eliwaza alitoka jikoni na sufuria, akaniona, akasimama. "Umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe."

"Basi utarudi hivyo hivyo," akasema, akarudi jikoni.

Jioni tulikaa mezani. Mzee aliomba baraka, akanipakulia paja la kuku, kisha akasema, "Sasa Zuhura, tusimulie wewe. Huyu wetu hapendi kujisifu. Hiyo nafasi ya tatu mliipataje?"

Mimi mtu nikiulizwa swali najibu. "Ile? Kundi letu lilikuwa na timu tatu, mzee."

Kijiko cha Mama Eliwaza kilisimama njiani. Eliwaza alifumba macho.

"Timu tatu," Mzee akarudia taratibu. "Na mliowashinda ni...?"

Nilimtazama Eliwaza. Alikuwa anatazama sahani. Hapo nikaelewa zile hongera zote, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na mzee yule alikuwa na macho ya mwalimu anayesubiri jibu. Nikamweleza yote: kwamba hatujamshinda mtu, kwamba tulibakiza pointi moja, na kwamba kinyoya kiligonga wavu.

"Nilitoa shukrani kanisani," alisema Mzee. "Nilisimama mbele ya watu." Aliondoka mezani bila kumaliza chakula. Eliwaza naye akaondoka kwa mlango mwingine. Nilibaki mimi, Mama na kuku, na sikumbuki kuku aliyekuwa mgumu kumeza kama yule.

Jumapili asubuhi nilikwenda nao ibadani, mtandio wangu kichwani, nikaketi benchi la nyuma kando ya Eliwaza aliyenigeuzia bega. Kwaya iliimba vizuri mno. Wakati wa matangazo, Mzee Yonathani alisimama.

"Wapendwa," alisema, "siku zile nilitoa shukrani kwa kuwa binti yangu alishika nafasi ya tatu katika mashindano ya kimataifa. Nimepata maelezo zaidi." Akakohoa. "Timu zilikuwa tatu."

Bibi mmoja wa kwaya akacheka, kicheko kilichomtoroka puani, na benchi lake lote likafuata. Mchungaji aliinua kitabu cha nyimbo akafunika uso, lakini mabega yalimsaliti.

"Nacheka na mimi," akasema Mzee, ingawa hakuwa anacheka. "Lakini shukrani siiondoi. Mtoto alikwenda mbali, akarudi mzima. Mumwombee. Hasa anapoanzisha."

Eliwaza alitoka mbio. Nilimkuta nyuma ya kanisa, ameegemea ukuta.

"Umefurahi?"

"Sikujua uliwaambia nini."

"Hata kusema tulikuwa wa kati ulishindwa?"

"Wa kati ya nani na nani, Eliwaza?"

Alijizuia, akashindwa, akacheka huku machozi yanamtoka. "Kabla ya mashindano walinisindikiza kwaya nzima mpaka mjini," akasema. "Waliimba stendi, watu wanatazama. Nirudi niwaambie nini? Kwamba nilipewa pointi moja nikaitupa wavuni?"

Kabla sijajibu, watu walikuwa wameshatoka ibadani na Mama Eliwaza amewatangulia, ameshika raketi zangu alizozifuata nyumbani.

"Haya," akasema. "Tuonyesheni hicho mnachofungwa."

Walifunga kamba kati ya miti miwili kwenye kiwanja cha kanisa, wakaning'iniza khanga juu yake ikawa wavu. Tatizo la Irente ni upepo. Unapanda kutoka kule chini tambarare, unapiga ukingo wa mlima na kufanya unavyotaka. Kinyoya cha kwanza nilichopiga kilipanda, kikasita kama kinachofikiri, kikaelekea Mazinde kule chini, na naamini hadi leo kipo kwenye mkonge wa watu.

Eliwaza alichukua cha pili. Akaanzisha chini, kwa uangalifu wote wa mwanamichezo wa taifa. Kikagonga khanga.

"Wavuuu!" walishangilia wote, mchungaji akiwemo.

Nilidhani atatupa raketi. Akaokota kinyoya, akaanzisha tena. Khanga. "Wavuuu!" Mara ya tatu alikuwa anacheka kiasi cha kushindwa kusimama sawa, na kinyoya kikapita sentimita moja juu ya khanga, kikadondoka miguuni mwangu kabla sijainama. Sijawahi kumwona akianzisha vile, wala mazoezini. Mzee Yonathani, aliyekuwa amesimama pembeni na Biblia kwapani, alipiga makofi mawili tu, makavu. Eliwaza alimwendea. Sikusikia walichosema, niliona tu mzee akichukua raketi kuipima uzito, na binti akimrekebisha vidole.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni na begi. "Tutaanza na nani?" akauliza.

"Bado hatujui. Lakini yeyote atakayekuwa atafurahi."

Tulishuka mlima na mfuko wa pichi na kabichi mbili ambazo Mama hakukubali tuziache. Mwezi uliofuata tukasafiri. Mechi ya kwanza tulifungwa kabla viatu havijapata joto. Ya pili tulishinda seti nzima, ya kwanza katika maisha yetu ya pamoja, kisha tukapoteza mbili zilizofuata. Eliwaza alianzisha pointi ile ya ushindi wa seti akiwa anatabasamu, jambo lililowatisha wapinzani kuliko mapigo yetu.

Nilichojifunza kwenye milima ya Usambara ni kidogo. Kufungwa hakukuwa kunatuvunja. Kilichokuwa kinamvunja mwenzangu ni kubeba habari peke yake.

Tulipotoka uwanjani alipiga simu nyumbani, kwaya ikiwa mazoezini na baba yake miongoni mwao. "Baba, tumefungwa. Lakini seti moja tumeichukua." Nilimsikia mzee akiwageukia wenzake na kuwaambia hivyo hivyo, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Halafu vigelegele vikapasua simu, kwa ajili ya timu iliyofungwa, kutoka kwa watu ambao safari hii hakuna aliyewadanganya.