Moyo wa Armas kwenye Zamu ya Wanawake

"Taimi ataachwa kabla theluji haijaanguka," Kerttu aliniambia tukipanga vikombe. "Mumewe akimshika Helka kwenye dansi, mikono inamtetemeka kama kijana wa kuposa. Muulize Helka mwenyewe, anavyojisifu."

Kerttu ni jirani yangu. Jumamosi za kiangazi tunauza kahawa na mikate ya iliki kwenye ukumbi wa dansi kando ya ziwa letu, kaskazini mwa mji wa Tampere, na mwanangu Pihla analala kwenye kigari chake nyuma ya kaunta. Nikimbembeleza, naona mengi.

Taimi ni fundi cherehani mstaafu. Alimpata Armas humu humu ukumbini, kwenye zamu ya wanawake, pale wanawake ndio wanaoomba dansi na mwanamume hakatai, labda awe ameshaombwa. Mpaka leo humtazama mumewe hata anapokoroga kahawa, kama mimi ninavyomtazama Pihla akiwa karibu na maji.

Armas ana pumu, na tangu majira ya baridi ana kifaa kifuani kinachousukuma moyo wake usizembee. Daktari alimruhusu kucheza. Basi hucheza valsi ya kwanza na mkewe, anamrudisha kitini kama desturi ilivyo, anatoka nje. Akirudi tu, zamu ya wanawake imeanza, na Helka keshasimama mbele yake na viatu vyake vyekundu.

Jumamosi hiyo Taimi alikuja kaunta, akaacha kahawa yake ipoe.

"Jana niliweka sikio kifuani mwake," akaniambia. "Tiki, tiki, taratibu. Kwangu ana saa ya ukutani, kwa Helka ana ngoma."

"Labda ni joto la humu ndani, mama."

"Joto gani, binti. Joto hilo limevaa viatu vyekundu."

Armas alipotoka, Taimi akamfuata. Mimi nilikuwa nyuma ya jengo nikimwaga machicha ya kahawa. Taimi alikuja amejiandaa kukuta watu wawili. Alimkuta mumewe peke yake, ameegemea rundo la kuni, anajipulizia dawa ya pumu mdomoni, tena na tena.

"Muuguzi alisema mara mbili tu," Taimi akasema.

"Mbili hazinifikishi mwisho wa dansi ya tango. Na mashine si ninayo? Moyo ukikimbia itaushika."

"Mashine inausukuma ukichelewa, mzee. Ukikimbia, haina breki. Tuliambiwa sote, wewe ukawa unaangalia dirishani."

Akamshika mikono. Ilikuwa inatetemeka. Akaweka kiganja kifuani mwake, akasikia moyo unakwenda mbio.

"Kumbe ni dawa inayokutetemesha hivi."

"Sikutaka unione nikihema," Armas akasema. "Ungesema tubaki nyumbani."

"Ningesema tukae kidogo. Jumatatu tunampigia muuguzi, na utamweleza mwenyewe."

Wakaketi kwenye kuni mpaka rangi yake ikarudi. Muziki wa zamu ya wanawake ulianza na kwisha bila wao.

Baadaye Taimi alikuja kuchukua kahawa nyingine. Aliongea nami, lakini macho yake yalikuwa kwenye viatu vyekundu.

"Hata kama ni dawa," akasema, "Helka ndiye aliyekuwa akiyapata mapigo yale, si mimi. Nifanyie jambo moja, binti. Ukimwona mzee wangu anatoka nje, niite nikakae naye mpaka moyo wake utulie. Na Helka akija kumtafuta, mwambie ameshaombwa."