Posa na Mabuu Wenye Njaa

Jamani, aibu hii nimeificha mpaka nimechoka, na kwa kuwa wenzangu wa kikundi wamekwisha kuitia chumvi (eti nilizirai, eti nilibebwa mzegamzega, uongo mtupu!), bora niisimulie mwenyewe.

Mimi na akina mama wenzangu hapa Kuruwitu tunafuga mabuu. Ndiyo, mabuu, vijidudu vya manjano virefu kama ukucha, na kazi yao ni kula mifuko, ile laini inayotengenezwa kwa wanga wa muhogo, ambayo wauzaji husema huoza yenyewe lakini wewe unaiona miezi na miezi imenasa kwenye ua. Mabuu wetu huitafuna ikawa mbolea. Basi meneja wa hoteli moja ya Malindi akasema yuko tayari kutuletea taka zake zote za mifuko, ila kwanza aone kwa macho yake.

Siku aliyonipangia ikaangukia siku tuliyoitwa Malindi kupokea jibu la posa ya Hamisi. Hamisi ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu darasa la pili, na kwa binti aliyemposa, Zuhura, alikuwa hali halali. Nami nilijua kikwazo ni kimoja tu, mama wa binti, Bi Mwanaidi, mwanamke ambaye (sisengenyi, nasema kweli) hata sabuni huiosha kabla hajaitumia. Kuhusu kazi yangu nilimwambia ni mambo ya mazingira, nikaishia hapo.

Nikajisemea, safari mbili za nini? Asubuhi posa, adhuhuri hoteli. Mabuu nikawanyima chakula siku mbili ili mbele ya meneja wasinitie aibu (chekeni tu). Sasa asubuhi ya safari, nimeshavaa, nimeshajifukiza udi, mume wangu ananiita mlangoni kwamba gari linangoja, naangalia kifuniko cha ndoo kimepasuka. Nikaokota mfuko uliokuwa karibu, nikawamimina humo, nikaufunga fundo, nikautia kwenye kikapu cha ukili. Mfuko wa muhogo! Wadudu wana njaa ya siku mbili nami nawafungia ndani ya chakula chao, kisha natoka najiona mjanja.

Malindi tukapokewa vizuri, wanaume wakabaki barazani, mimi nikaingizwa ndani kwa Bi Mwanaidi, kwenye zulia ambalo hata kulikanyaga niliona haya. Nikaketi, kikapu nikakificha chini ya buibui. Mazungumzo yakaanza, nami nikamsifu mwanangu mpaka mate yakanikauka, na nilikuwa ndiyo kwanza nimesema, "Hamisi wetu, Bi Mwanaidi, ni kijana safi," nikahisi kitu kinanipanda kwenye kifundo cha mguu. Kisha cha pili. Kisha wakawa ukoo mzima.

Sikusogea. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

"Karibu mezani, dada," akasema, "kaimati zinapoa."

"Ahsante, nitakula hapa hapa."

"Hapa chini! Mgeni wangu? Haiwezekani, inuka."

Ningeinukaje? Nikamwambia mguu umekufa ganzi. Hilo ndilo kosa langu la pili, kwa maana Bi Mwanaidi, pamoja na ukali wake wote, ana huruma ambayo sikuwa na haja nayo kabisa siku ile.

"Ganzi haichezewi," akasema. "Zuhura! Lete mafuta ya nazi nimsugue mama yako mguu."

"La, la, Bi Mwanaidi, itaondoka yenyewe!"

"Nyamaza, dada. Si tunataka kuwa ndugu?"

Akapiga magoti, akakunja mikono ya gauni, akaushika upindo wa buibui langu nami nikaushika upande wa pili, tukawa tunavutana kama watoto wanaogombea shuka. Akanishinda. Buibui likafunuka, na hapo chini mabuu wametapakaa zulia zima, wengine wanapanda soksi zangu, na kile kimfuko kimebaki matundu.

Ukelele alioutoa ulisimamisha mazungumzo ya barazani. Akarukia kiti, mimi namwomba radhi huku nawazoa kwa viganja, na moyoni najua nimemharibia Hamisi maisha yake kwa sababu ya kifuniko cha ndoo. Nilitamani kulia, wallahi.

Zuhura akaingia na chupa ya mafuta. Akatazama chini, akaweka chupa, akachutama na kuanza kuwaokota kwa mkono mtupu.

"Mama, usiwakanyage, hawaumi. Hawa hula mifuko tu. Wakishinda na njaa ndipo huwa wakorofi hivi."

Bi Mwanaidi akamgeukia binti yake.

"Na wewe," akauliza Bi Mwanaidi kutoka juu ya kiti, polepole, "umeyajulia wapi?"

Binti akainamisha uso kwa haya. Mama yake siku zote alidhani kila Jumamosi yuko Kilifi anajifunza cherehani. Nami ndipo nilipofahamu kwa nini Hamisi wangu, mvivu wa kila kazi, alijitolea kulisha mabuu kila Jumamosi!

Bi Mwanaidi akashuka kitini, akajifunga mtandio, akapita kati yetu mpaka barazani. Nikamsikia akimwambia mumewe, "Ndoa iwe mwezi huu huu." Tulikwenda kutafuta jibu, tukarudi na tarehe.

Meneja nilimpelekea ule mfuko wenye matundu wiki iliyofuata, akaridhika bila swali. Nami niliapa, na kiapo nakishika, kwamba mdudu wangu hatavuka tena kizingiti cha mtu. Lakini nani ataniamini? Siku ya nikahi Bi Mwanaidi alinipokea mlangoni kwa bashasha, akanikumbatia, akaniita dada yangu, kisha akaupekua mkoba wangu mpaka chini. Sasa nikienda kwao naenda mikono mitupu, mimi niliyefunzwa kwamba mgeni haingii nyumba ya watu bila kitu, nao hunishukuru sana.