Bibi kwenye Mtaa wa Mbao

Wiki iliyopita nilipeleka mapazia tuliyoyashona kwa mteja wa mama, nikakuta ni pale pale ilipokuwa studio ya filamu. Sasa ni maghala. Lango limebaki, lakini mlinzi wake simjui. Nilisimama nje na furushi langu, nikaona afadhali nikueleze wewe unayesoma. Naandika polepole, lakini kuandika kwangu ni rahisi kuliko kusema.

Baba alikuwa mlinzi hapo. Likizo ile ya Desemba mama yake alikuja kwa basi kutoka kwao Lubumbashi hadi huku kusini, na samaki wakavu walionukia nyumba nzima. Hakuja kutembea tu. Alikuja kunichukua. Nilikuwa mdogo, na sikuwa nasema. Kiswahili nilikielewa chote, ila nilijibu kwa kichwa. Mwalimu alikuwa amewaambia wazazi kwamba nimekaa darasani kama dawati. Bibi aliposikia, akasema mji umenipoteza, nikalelewe kwake. Baba hakubisha. Mama alikuwa akiumega bukari, ugali wetu, na kuurudisha sahanini. Mimi sikutaka kwenda, na sikuwa na namna ya kulisema hilo.

"Tumtembeze kwanza," baba alimwambia mama. "Akiona tunaishi vizuri, labda atabadili mawazo."

Tukamtembeza. Sokoni Newtown, katikati ya mji, alishika kila kikapu na kukirudisha. Fordsburg, mtaa wa Wahindi, tulikula sambusa za moto tumesimama, mafuta yakitutiririka hadi kwenye viwiko. Aliwashangaa watu wanaongoja robot, taa ya barabarani, ibadilike rangi wakati hakuna gari linalopita. "Wanamwogopa nani?" akauliza. Lakini kila jioni aliuliza pia kama nguo zangu zimefungwa.

Studio tuliiacha mwisho. Mkubwa wa baba kazini alikuwa ameturuhusu kuingia. Ndani ya lango kulikuwa na mtaa mzima wa nyumba, milango ya bluu, mapazia, sufuria dirishani, na harufu ya rangi mbichi. Baba alitembea mbele kama aliyeujenga.

"Ingia, Mama, uone ndani."

Bibi alikaza kitenge, akasimama kando ya mlango. "Hodi."

Baba akarudi mlangoni.

"Mama, ni nyumba ya filamu. Hakuna watu."

"Pazia liko, sufuria iko, watu watakosaje? Siingii kwa watu kama mwizi." Akapiga hodi tena.

"Vumilia, bibi," alisema mlinzi mwenzake baba, Mtanzania mwenye masihara. "Wenyewe wameenda kanisani."

Mafundi wa rangi wakacheka. Bibi hakucheka. Baba alitazama viatu vyake, nami nikajua matembezi yameharibika, na kwamba nguo zangu zitafungwa. Lakini kilichoniuma zaidi ni kumwona Bibi amesimama pale hajibiwi.

Nilizunguka. Nyuma nyumba haikuwa na ukuta, ni mbao tu zilizoegemezwa, na nyaya, na mifuko ya mchanga. Nikasimama nyuma ya mlango. Alipopiga hodi ya tatu, nikasema, "Karibu." Ilitoka ndogo. Nikairudia. "Karibu, Bibi, pita ndani."

Nikafungua. Aliingia, akatazama juu, akakuta mawingu. Akacheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa mchanga.

"Kumbe nyumba yenu haina mgongo," akamwambia baba. Kisha akanigeukia kama mgeni kwa mwenyeji. "Habari za hapa?"

"Nzuri, Bibi. Za kwenu?"

"Kwetu wazima. Mvua imewanyeshea?"

"Imenyesha."

Akaendelea kuuliza, mpaka kuku, ambao hatukuwa nao. Nilijibu yote.

Jioni alimwambia mama, "Huyu hajapotea. Ana haya tu, kama baba yake alivyokuwa. Nimpeleke wapi?" Mama akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Bibi aliondoka peke yake kwa basi. Kwenye kiti cha pembeni yake, ambacho kingekuwa changu, mwanamke mwingine alipanga mizigo, na mimi nilifurahi. Bibi alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi. Studio ilifungwa, baba analinda kwingine. Wadogo zangu wanajibu kwa Kiingereza, mama anachoka, naye anakifuata. Hakuna tena mtu nyumbani ambaye tusipomsemesha Kiswahili atabaki bila kuelewa.

Nilitaka kubaki, nikabaki. Siku hizi nikiwa kwenye cherehani najaribu kufikiria sauti ambayo ningekuwa nayo kama ningelelewa kwake, na siisikii.