Tawi Nyuma ya Baiskeli

Mwaka ule nilipomaliza shule ya ualimu na kungoja kupewa darasa, papa wangu alijiandikisha katika mashindano ya baiskeli: kutoka Bukavu, kushuka mlima wa Ngomo mpaka uwanda wa Ruzizi, kisha kuupanda tena mlima na kurudi mjini. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Mimi nilikuwa na diploma bila kazi, kwa hiyo nilipata nafasi ya kuogopa mchana kutwa.

Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha afya kwamba moyo wa mtu mzima unaweza kusimama ghafla. Basi kila asubuhi, kabla hajaenda Kabare kuchukua ndizi za kuuza soko la Nyawera, nilimshika kifundo cha mkono nisikilize mapigo. Kila mara yalikuwa yanakimbia.

"Docteur," alisema, uji mdomoni, "nakufa leo ao kesho?"

"Papa, usicheke."

"Basi achia mukono, ndizi zinaningoja."

Hakuwa na mazoezi mengine zaidi ya hiyo kazi. Alipanda na baiskeli tupu, akashuka na mikungu nyuma. Breki zilikuwa zimekwisha zamani. Kama wabeba ndizi wote, alipofika kwenye mteremko alikata tawi lenye majani mengi, akalifunga nyuma kwa kamba ya mgomba, likaburutwa barabarani na kupunguza mwendo. Nilimfuata kwa baiskeli ya kuazima, macho kwenye ile kamba. Je, ikikatika? Isipokatika, moyo je? Kufika Nyawera nilikuwa nimeshamzika, nimeshamtafutia mama nyumba ndogo zaidi, na papa anabishana na wateja juu ya ndizi mbivu.

Siku ya mashindano, mzungu aliyesimamia aliiona kamba kwenye baiskeli.

"Hakuna kufunga kitu," akasema.

Papa aliifungua, akajifunga kiunoni kama mkanda.

Mimi nilipanda lori lililopeleka maji, nikashukia juu ya Ngomo, pale barabara inapoanza kuanguka. Vijana walipita kwanza, wameinama, wanapiga kelele. Papa alifika katikati ya kundi. Akatazama chini, akashuka kwenye baiskeli, akatoa kisu mfukoni na kuingia kichakani.

"Papa, walikataza!"

"Walikataza mu Bukavu. Hapa iko Ngomo."

Alikuwa anafunga tawi kijana mmoja alipompita akicheka. "Muzee! Unafagia barabara ya nani?"

"Yako! Usikuye kuanguka mu uchafu!"

Akaondoka. Niliona vumbi lake likifuata kona ya kwanza, ya pili, kisha sikuona kitu. Wenzangu wa lori walikula mihogo. Mimi nilisimama ukingoni. Kila jiwe lililobiringika bondeni nilidhani ni yeye.

Jua lilikuwa kali vijana walipoanza kurudi, wengi wakisukuma baiskeli kwa mikono. Yule aliyemcheka papa alikuja amechanika goti, damu mpaka kwenye kiatu.

"Papa wangu yuko wapi?" nikamuuliza.

"Muzee wa majani? Iko nyuma, anapanda mupole mupole." Hakucheka tena.

Papa alitokea kwenye kona akiwa bado juu ya baiskeli, pedali moja, halafu nyingine, kama anayekwenda Kabare. Tawi alikuwa ameliacha uwandani. Kamba ilikuwa kiunoni. Alisimama mbele yangu, mguu mmoja chini, akanyoosha mkono kabla sijauomba.

"Pima. Lakini haraka, nimeanza kuwapita."

Nilibana kifundo kwa kidole gumba kama siku zote. Mapigo yalikuwa yanaruka kama mbuzi aliyekatwa kamba. Nikainua macho nimwambie aache, apande lori. Alikuwa anahema polepole, mdomo umefungwa, anatazama njia ya Bukavu. Nikatazama kidole changu. Kilikuwa kinadunda chenyewe: mapigo niliyohesabu siku zote yalikuwa yangu.

"Sema basi, docteur."

"Nenda, papa," nikasema, nikamwachia mkono.