Baba na msumari asioujua

Leo Baba ametembea na msumari mguuni bila kujua.

Alifika kwangu Ngokolo asubuhi akitokea Didia, nimpeleke hospitali.
Miguu inakufa ganzi, halafu usiku inawaka kama imepakwa pilipili.
Mwenyewe alishaamua ni mgongo, maana ujana wake wote alichimba dhahabu huko Geita.
Shangazi yeye alishaamua ni kurogwa.

Daktari, binti mdogo tu, akamwamkia shikamoo, kisha akamwambia, "Babu, vua viatu."

Soksi ilikuwa imelowa damu.
Msumari ulikuwa umetoboa soli ukaingia kwenye unyayo.

"Husikii maumivu?"

"Maumivu ya nini, mwanangu?" Baba akauliza, anautazama mguu kama si wake.

Daktari akasema mgongo nao huleta ganzi, ila tuanze na kupima sukari.
Ikakutwa iko juu sana; ndiyo iliyokuwa ikiua hisia za miguuni.

Wamesafisha kidonda, wamemchoma sindano ya pepopunda, na dawa za sukari ameanza.

Baba aliuliza swali moja tu: "Mtaukata?"

"Hapana, Babu. Umewahi."

Akavua kofia, akajifuta nayo macho. Sikuwahi kumwona hivyo.

Nyie wenye wazee nyumbani, mmewahi kuwaangalia nyayo zao?