Kura ya Cleophus Tolbert

Katika mji wa Flint, ukoo wa Tolbert uliishi kwa kiwanda kimoja cha magari tangu mzee wao Ezell alipoacha mashamba ya pamba ya Arkansas akapewa kazi ya tanuru, kazi ambayo Wazungu waliikimbia. Mwanawe Cleophus aliingia akiwa na miaka kumi na tisa. Yeye alipachika milango kwenye magari mapya, upande wa kushoto, kwa miaka karibu thelathini. Kazi hiyo ilimjengea nyumba ya matofali, ikamzikia mkewe kwa heshima, ikamlelea binti yake wa pekee, Renita.

Kisha magari yakakosa wanunuzi. Wakubwa wakasema bila kupepesa macho: ama chama cha wafanyakazi kikubali watakaoajiriwa kuanzia sasa walipwe nusu ya mshahara, ama kiwanda kifungwe. Ukumbini watu walibishana hadi wakakauka makoo. Cleophus aliketi nyuma. Alikuwa na presha, na pensheni ilikuwa karibu. Hao watakaoajiriwa hakuwajua. Hawakuwa na majina wala sura. Akaandika ndiyo, akakunja karatasi, akaitumbukiza sandukuni.

Miaka minne baadaye, zahanati aliyofanyia kazi Renita ikafungwa. Kiwanda kilikuwa kinaita watu, kwa ule mshahara wa nusu, na Cleophus mwenyewe ndiye aliyemletea fomu. Renita akapangiwa mlango wa kulia, uso kwa uso na babake, gari likipita katikati yao.

"Mzee Tolbert, binti anakuacha mbali!" wenzao walitania, naye Cleophus akavimba kichwa.

Furaha hiyo haikumaliza mwezi. Siku moja wakati wa chakula, Shawnda, aliyeajiriwa pamoja na Renita, alimgeukia mzee.

"Nasikia nyie wazee mlituuza kwa kura. Eti Mzee Cleo, we ulipiga ipi?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Cleophus hakucheka, na Renita akaacha kutafuna.

Renita alimuuliza babake wakiwa garini wanarudi nyumbani. "Baba, si ulipiga hapana?"

"Mwanangu, mambo siku zile yalikuwa..."

"Sijauliza mambo. Nimeuliza kura."

"Nilipiga ndiyo."

"Huku ukijua?"

"Nilijua ataumia mtoto wa mtu. Sikujua ni wangu."

"Kwa hiyo akiumia Shawnda, sawa tu?"

Cleophus alikaza macho barabarani.

Tangu kesho yake Renita alipanda gari la Shawnda. Kwa muda wa saa nane kila siku baba na binti walitazamana, na maneno yao yalikuwa "sogeza" na "shika hapo" tu. Mzee alipojitolea kumlipia kodi ya nyumba, Renita alimkatiza: "Sitaki sadaka, Baba. Nataka mshahara wangu."

Mkataba mpya ulipoletwa, ile nusu ilikuwa mle mle. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Cleophus alisimama mbele ya kipaza sauti.

"Mara ile nilipiga ndiyo," alisema. "Niliogopa. Sasa binti yangu anafanya kazi yangu mbele ya macho yangu, na hakuna tofauti hata ya skrubu moja."

"Pensheni umeshaishika, ndiyo dhamiri imekuamkia!" mtu akapiga kelele nyuma. Ukumbi ukacheka. Mzee alisema yote aliyokusudia ndipo akaketi.

Mkataba ukapita hata hivyo. Watu waliogopa kama yeye alivyoogopa, na hakupata moyo wa kuwalaani.

Nje, kwenye theluji, Renita alikuwa anamngoja.

"Umeongea vibaya, Baba. Umetetemeka mwili mzima."

"Najua."

"Lakini umeongea."

Hakumkumbatia. Ila Jumapili ile alikuja kula, akala kambare wa kukaanga, akaosha vyombo, akaondoka mapema.

Cleophus alistaafu mwaka uliofuata. Nafasi yake akapewa mgeni wa mshahara wa nusu. Renita alibaki mlango wa kulia, bega likianza kumuuma. Asubuhi moja babake alimpitia kwake, akamuuliza kama ameshamsamehe.

"Bado, Baba," alisema huku akifunga kamba za viatu vya kazi. "Ila najaribu. Usinicheleweshe, zamu inaanza."

Akampita mlangoni, akamgusa mkono kidogo, akashuka ngazi.